Iache Izunguke

Jumatatu, Machi 4

Mvua ya kwanza imetukuta kazini. Nilikuwa juu. Ukiwa kwenye kibanda cha kreni unaiona mvua inavyokuja tangu mbali, inapita juu ya mabati ya watu mtaa kwa mtaa, na wewe huna pa kukimbilia. Unakaa na kuisubiri.

Nina mimba. Nimeiandika hivyo ili nione inavyokaa kwenye karatasi. Nina miaka thelathini na sita, nina mume, nina afya yangu, na leo wakati wa kushuka ngazi nimeshika kila chuma kwa mikono miwili kama mtu wa siku ya kwanza. Kibanda hiki nimekihangaikia miaka tisa. Nilianza kwa kufagia saruji, nikawa mpiga ishara wa chini, nikawa msaidizi, na Januari hii ndiyo nimekabidhiwa kiti. Jengo likifika paa, Msimamizi atahamia kwenye mradi mkubwa zaidi, na ameshasema anahama na mwendeshaji wake. Kwa hiyo nikifika paa, nimefika.

Mjamzito hapandi. Hilo halijaandikwa ukutani, lakini kila mtu analijua.

Jumanne, Machi 5

Nimetapika mara mbili kwenye mfuko. Mvua.

Jumamosi, Machi 9

Mume wangu ameniuliza mbona sinywi kahawa. Nikasema kahawa ya siku hizi mbaya. Yeye ni fundi wa friji, mtu wa kusikiliza injini, na alinitazama kana kwamba kuna kitu amekisikia kikigonga ndani.

Sitamwambia. Ile ya kwanza, mwaka juzi, alimwambia kila mtu. Aliwaambia wateja wake, aliwaambia majirani, alimwagiza seremala kitanda kidogo chenye vizuizi. Alikuwa na furaha na sikuwa na moyo wa kumziba mdomo. Ilipotoka, ilinibidi mimi ndiye nizunguke na habari nyingine. Dukani, saluni, kwenye ngazi za nyumba yetu. "Vipi, mtoto hajambo tumboni?" Kila mmoja alihitaji kujibiwa, na baada ya kujibiwa alihitaji kubembelezwa, maana huzuni yake ilikuwa mpya na yangu ilishazeeka.

Na mama mkwe alisema, tena mbele ya watu, "Tumbo halipendi kutikiswa." Alisema mara moja tu. Mimi naisikia kila nikikanyaga ngazi.

Safari hii nitanyamaza mpaka tumbo lijisemee lenyewe.

Jumanne, Machi 12

Mama mkwe amekuja. Anasema paa lake linavuja na atakaa kwetu mpaka mvua ziishe. Ana mabegi mawili na macho mawili, na macho ndiyo yanayonitisha. Mume wangu amefurahi kama mtoto. Mimi nimekwenda bafuni nikafungua maji na kukaa chini.

Ijumaa, Machi 15

Kuna jambo watu wa chini hawalifikirii: kule juu hakuna choo. Wanaume wana chupa zao, na utani wa chupa hauishi. Mimi nilikuwa nabana mpaka chakula cha mchana, nikawa na sifa ya kuwa na kibofu cha ngamia. Sasa nabanwa kila saa. Leo nimeshuka asubuhi, nimeshuka kabla ya chakula, nimeshuka tena saa tisa, na kila nikishuka kazi nzima inasimama na zege linanisubiri.

Nimesema nina tumbo la kuendesha. Msimamizi, ambaye huwa hatabasamu hata siku ya mshahara, amesema, "Kunywa maji mengi." Hilo tu lilibaki!

Aliyenitazama zaidi ni mpiga ishara wangu, mwanamke mwenzangu. Tunamwita Kipofu kwa sababu haoni kosa akaliacha. Ana miaka thelathini na minane, na kwa kweli yeye ndiye macho yangu: mimi niko mita arobaini juu, mzigo uko nyuma ya ukuta nisikoona, na mkono wake ndio unaoniambia shusha, simama, rudi kidogo. Nimezoea kumtii kabla sijafikiri. Leo nilipokuwa napanda tena alinyanyua kidole gumba kuonyesha kila kitu kiko salama, lakini hakukishusha upesi.

Jumatano, Machi 20

Upepo mkali. Tumesimamisha kazi saa nane.

Nilipokuwa najifunza, mwalimu wetu alirudia jambo moja mpaka tukamuigiza nyuma ya mgongo wake: ukiondoka kibandani, kulabu juu, gari la kulabu, kile kitoroli kinachoitembeza kwenye mkono wa kreni, karibu na mnara, halafu achia breki ya kuzungusha. Mtu wa kawaida angedhani kreni ifungwe ili isichezecheze. Ni kinyume chake. Lazima mkono wake uachiwe ugeuke wenyewe na kufuata upepo unakokwenda. Ukiufunga, upepo unaupiga ubavuni, na mnara wote unabeba kipigo hicho mpaka kitu fulani kikatike. "Iache izunguke," alikuwa anasema. "Wewe nenda kalale, yenyewe iache izunguke."

Nimeachia. Nimehakikisha mara mbili. Siku hizi nahakikisha kila kitu mara mbili: breki, mlango, jiko, nguo yangu ya ndani.

Alhamisi, Machi 21

Hakuna jipya. Vitunguu vinaninukia kila mahali.

Jumatano, Machi 27

Kipofu amenibana leo wakati wa chai, nyuma ya rundo la mbao.

"Miezi mingapi?"

"Miezi mingapi ya nini?"

"Mdogo wangu, mimi nimezaa. Usinifanye mjinga."

Nikamwambia. Ajabu ni kwamba sikuona nafuu. Niliona kama nimempa mtu kisu aende nacho.

Akakung'uta saruji kwenye glavu zake. Mwanawe ana miaka kumi na saba, amelelewa na bibi yake, na anamwita Kipofu "dada". Nilikuwa najua, ila hakuwahi kulisema kwa sauti. Leo amelisema. "Mimi nilipata mtoto kabla sijajua nataka nini. Wewe umejua unataka nini, ndipo mtoto amekuja. Sijui nani kati yetu ana afadhali."

Kisha akasema, "Shuka. Mwambie Msimamizi."

"Bado ghorofa mbili tu tufike paa."

"Nikikuona unayumba kwenye ngazi hata mara moja, namwambia mimi. Utanichukia, na nitamwambia."

Nimekubali. Nimeanza kumwogopa na yeye.

Jumatano, Aprili 3

Mvua tangu alfajiri. Nguo hazikauki, nyumba nzima inanuka soksi.

Wakati wa kula, mume wangu amesema labda mwakani tujaribu tena, tukiwa tayari, hakuna haraka. Alisema kwa upole kabisa, huku ananitilia maji. Nikasema ndiyo, mwakani. Mama mkwe akainuka akaenda jikoni na sahani yake ikiwa haijaisha.

Nataka nini hasa? Nikiwa juu namtaka mtoto huyu mpaka natetemeka. Nikiwa chini, kitandani, nawaza watu wawili waliokuwa wanakitaka kiti changu, nawaona wakikikalia, wakirekebisha mgongo wa kiti ukae kwa vimo vyao, na ninalia kwa hasira. Rafiki zangu wa umri wangu wengine wana watoto watatu na wanauliza maisha yao yamekwenda wapi. Wengine wana vyeo na wanaulizwa mtoto yuko wapi. Mimi sijapata chochote bado na tayari naogopa kunyang'anywa vyote viwili.

Jumatatu, Aprili 8

Mama mkwe ameacha kukaanga vitunguu. Hakuna aliyemwomba. Anavichemsha na sufuria imefunikwa, dirisha wazi. Pia anawahi kufua kabla yangu, ndoo zote amezijaza yeye. Ananichunguza. Anakusanya ushahidi, halafu siku moja atausoma wote mbele ya ukoo.

Jumamosi, Aprili 13

Damu.

Kidogo, lakini damu. Nimeiona kibandani karibu na mwisho wa kazi. Sikumbuki nimeshukaje. Nimekwenda kliniki na mabuti yangu ya matope. Muuguzi amesema nilale, nisinyanyue hata ndoo, nisipande hata stuli, Alhamisi nirudi wapime kama moyo wa mtoto unadunda. Nimemuuliza, "Ataishi?" Amesema, "Lala, mama."

Nyumbani nimesema ni maumivu ya mwezi. Nimelala. Naogopa hata kukohoa.

Jumatatu, Aprili 15

Naandika ya jana. Nisipoyaandika leo nitaanza kuyasimulia vizuri kuliko yalivyokuwa.

Jana Jumapili, baada ya chakula cha mchana, upepo ulianza. Nilikuwa nimelala kwa ubavu. Bati la jirani lilikuwa linapiga, paa, paa, paa. Nikawa najiambia, sio kazi yako leo, kreni iko salama, umeondoka kama kila siku. Nikaanza kuhesabu kichwani nilivyoondoka, kama ninavyofanya siku zote. Kulabu juu: ndiyo, nilikwishaipandisha. Gari la kulabu karibu na mnara: ndiyo. Halafu?

Halafu nikaona damu.

Nilitafuta kitufe cha breki katika kumbukumbu yangu na sikukipata. Nilitafuta kidole changu kikikibonyeza. Hakuna. Niliona tu suruali yangu, na ngazi.

Nikampigia Kipofu, anakaa karibu na jengo. "Chungulia kreni. Inazunguka?"

Nilisikia akifungua mlango, nikasikia mvua. Akakawia.

"Haizunguki," akasema. "Mkono umesimama palepale. Upepo unaupiga ubavuni." Kisha, kwa sauti ya chini, "Uko juu ya zile nyumba za nyuma."

Zile nyumba nazijua kwa juu kuliko wenyewe wanavyozijua kwa chini. Najua nani anaanika magodoro, najua mtoto gani anapanda ukuta mama yake akitoka. Niliinuka nikavaa mabuti. Sikuwa nafikiri habari ya ushujaa, nilikuwa nafikiri kwamba nikipanda mwenyewe haraka, nikaachia, nikashuka, hakuna atakayejua lolote. Hilo ndilo lilikuwa akilini mwangu na naliandika lilivyo.

Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Unakwenda wapi na damu hiyo?"

Nikasimama na buti moja mkononi. Akasema, "Kitambaa ulichokificha nimekifua mimi. Kaa chini."

Nikakaa sakafuni, nikamwambia yote. Mimba, damu, breki, nyumba za nyuma. Nililia kwa sauti mbaya. Nilingoja aniambie tumbo halipendi kutikiswa. Akashuka akakaa sakafuni na yeye, na magoti yake hayamruhusu kukaa sakafuni.

"Paa langu halivuji," akasema. "Mwanangu aliniambia umeacha kahawa. Nikafunga mabegi. Nilitaka kuwa karibu tu."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ulisema? Ile siku nilisema upuuzi mbele za watu, mwanangu. Nilikuwa na hofu, na hofu ikinishika nasema ovyo. Tangu siku ile huniangalii usoni, na una haki." Akanipa simu yangu. "Sasa mpigie mkubwa wako. Hapa hapa, nikiwa naona."

Nikampigia Msimamizi. Nilisema, "Breki ya kuzungusha sikuiachia. Nilishuka vibaya kwa sababu nina mimba na niliona damu." Yote kwa pumzi moja. Hakunikatiza. Akasema, "Watu wa nyuma nawatoa sasa hivi. Nani mwingine anakijua kibanda?" Mwendeshaji wa akiba alikuwa msibani, mbali. Alibaki Kipofu, ambaye ameshakaa na mimi juu mara nyingi akila mahindi yangu, lakini hajawahi kugusa kitufe hata kimoja. Msimamizi akampigia, kisha akaniambia jibu lake. Alisema, "Napanda. Lakini yeye aniongoze. Simsikilizi mtu mwingine."

Redio zetu za mkononi za kazini hazifiki mbali. Ilibidi niende. Mume wangu aliitwa kutoka kibaraza cha jirani, akalaza kiti cha mbele cha gari lake la kazi, wakaniweka kama mayai, mama yake akapanda nyuma katikati ya mitungi ya gesi. Ndani ya gari ndipo mume wangu alipojua.

"Tangu lini?"

"Tangu Februari."

Aliendesha taratibu mno, anakwepa kila shimo, na machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

Watu wa nyumba za nyuma walikuwa wamesimama chini ya mabaraza ya maduka ng'ambo, na watoto mgongoni. Injinia wa jengo alikuwa na kipimo cha upepo mkononi, akasema bado mtu anaweza kupanda, lakini si kwa muda mrefu. Kipofu alikwishafika nusu ya ngazi. Siku zote mimi ndiye ninayekuwa juu na yeye ananielekeza kutoka chini. Jana nilikuwa nimelala ndani ya gari, dirisha wazi, mvua inaniingia, redio mdomoni.

"Nimeingia," akasema. Alikuwa anahema. "Kinatikisika. Ni kawaida hii?"

"Kawaida kabisa. Kila siku kinatikisika hivyo."

Nilimdanganya. Hakijawahi kutikisika vile.

"Washa umeme. Swichi nyekundu, mkono wako wa kushoto."

"Imewaka."

"Karibu na goti la kulia kuna kitufe cha kijani chenye kifuniko. Inua kifuniko. Bonyeza, shikilia, usiachie mpaka taa iwake."

"Nimeshikilia. Haiwaki."

"Shikilia."

"Mdogo wangu, haiwaki."

"Dada, shikilia. Usihesabu. Niambie mwanao anapenda kula nini."

Upepo kwenye redio. Kisha akasema, "Sijui. Sijui anapenda nini." Na wakati uleule, juu yetu, kile chuma kirefu kikatoa mlio, kikaanza kugeuka. Polepole, kama mtu mzito anayejigeuza kitandani. Kikaziacha zile nyumba. Kikaelekea kule upepo ulikokuwa unakwenda, kikatulia hapo kikipepesuka kidogo kidogo.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliendelea kusimama kwenye mvua wakiangalia juu. Mama mkwe alikuwa amenishika bega kwa nyuma, sikuwa nimetambua, na leo nina alama za vidole vyake.

Jumatano, Aprili 17

Kesho. Siwezi kuandika.

Alhamisi, Aprili 18

Unadunda.

Muuguzi alitafuta muda mrefu, anasogeza kile kifaa, anakaza macho. Mume wangu alikuwa amesimama ameukabili ukuta. Kisha nikausikia, mbio mbio, kama mtu anayekimbilia kitu. Nilidhani nikiusikia hofu itaniisha. Imeongezeka. Sasa ninaye wa kumwogopea.

Jumatatu, Aprili 22

Msimamizi amekuja nyumbani. Amekaa kwenye ukingo wa kiti, amekataa chai, kisha ameinywa.

"Mimba haikukufukuza," amesema. "Breki ndiyo imekushusha. Kwangu hutapanda tena."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, lakini kujiandaa hakukunisaidia kitu. Nikamuuliza, "Ningekwambia mapema, ungeniacha juu?"

Akafikiri kweli. "Nisingekuacha."

"Basi ningekipoteza kiti vyovyote vile."

"Ndiyo," akasema. "Lakini wale watu wasingesimama kwenye mvua na watoto mgongoni."

Miezi yote hii nilimwona ni ukuta tu uliovaa kofia ya plastiki. Alipofika mlangoni aligeuka akasema mke wake naye alilazwa hivi, mara mbili, na kwamba nilale na mto katikati ya magoti. Akaenda zake.

Alhamisi, Mei 2

Mvua zinapungua. Mume wangu bado ana hasira, na anazionyesha kwa kupika vizuri. Leo amezisema. "Uliniacha nje ya nyumba yangu mwenyewe. Nikakaa nje nikikuahidi mwakani." Nikamwambia niliogopa angesimulia mtaa mzima. Akasema kweli angesimulia. Tukacheka, halafu hatukucheka tena, halafu akaniwekea mto katikati ya magoti.

Hajamwambia mtu. Naona inavyomkereketa. Juzi mteja alimuuliza habari za nyumbani, akajibu "salama" na akageuka kufungua friji lisilo na ubovu.

Jumamosi, Mei 11

Jua. Mama mkwe ameanika magodoro yote. Hazungumzii kuondoka na mimi simuulizi. Asubuhi, akiwa anachambua mchele pembeni ya kitanda changu, ameniuliza sasa naogopa nini, maana anaona bado silali vizuri. Nikamwambia lile ambalo sijawahi kumwambia mtu: naogopa nitampenda mtoto huyu, na bado nitakitaka kibanda. Nilidhani ataacha kuchambua. Hakuacha. Akasema, "Utavitaka vyote viwili. Mimi nilitaka vyote viwili, nikaambiwa nichague, nikachagua, na sikuacha kutaka." Sikuwahi kujua mama huyu alitaka kitu. Nilipomuuliza ni kitu gani, akasema atanisimulia mchele ukishaiva. Mpaka sasa hajanisimulia, na nitamkumbusha.

Jengo limefika paa. Kipofu ndiye anayejifunza kiti, chini ya yule mwendeshaji wa akiba, na ndiye Msimamizi amesema atahama naye. Kipofu aliponipigia kuniambia alikuwa anasitasita kama mtu aliyevunja kikombe cha mwenyeji. Nilimpongeza kwa moyo wote. Nilipokata simu nililia kwa wivu mpaka mume wangu akadhani ni damu tena.

Kila asubuhi Kipofu ananipigia akiwa chini ya ngazi, kabla hajavaa glavu. Haniulizi nimelalaje, haniulizi nimekula nini. Leo pia amepiga.

"Bado tumo?"

Nikaweka mkono tumboni, nikasubiri mpaka niwe na hakika.

"Bado tumo."

"Haya," akasema. "Mimi napanda."